Lenah Achagua Wakili Aliyeshindwa

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Lindi, Lenah alijulikana kwa maswali. Hakuwa mtu wa udaku. Mambo ya nani kalala wapi hayakumhusu. Alichotaka ni kujua kitu kinavyokwenda. Muuza mafuta ya taa akija, Lenah atamuuliza mbona ya leo yana moshi kuliko ya juzi. Mchungaji akihubiri habari za Yona, ibada ikiisha atamsubiri mlangoni amuulize yule samaki alimtapika Yona usiku au mchana. Mumewe, Wekulo, seremala wa vitanda na viti, alikuwa akitutania kwamba siku alipokwenda kumposa kule kwao Vihiga, aliulizwa maswali mengi kuliko aliyoulizwa na chifu alipokuwa akitafuta kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Cherehani yake ya miguu ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, na sisi tuliokuwa na watoto tulimpelekea vitambaa. Sisi wote tulimwita Mama Elvis, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1994, shule zikiwa zimefungwa, alikwenda Kawangware kupeleka sare za shule moja ya chekechea iliyokuwa karibu na kwa dadake, Trizah. Alipofika Barabara ya Naivasha alikuta njia ya waendao kwa miguu imejaa magunia yaliyotandikwa nyanya na sukuma wiki, akateremka barabarani apite pembeni. Mbele yake kulikuwa na lori la mawe ya kujengea, limesimama mbele ya duka la mabati na misumari. Lenah alisimama nyuma yake kidogo, mzigo wa sare kichwani, akingoja mkokoteni upite. Lori likaanza kurudi nyuma.

Alipiga kelele. Watu nao wakapiga kelele. Gurudumu lilimpanda mguu wa kulia kuanzia kwenye wayo hadi chini ya goti, kisha likasimama, kisha likateremka lilikotoka. Baadaye alitusimulia kwamba kabla maumivu hayajaja, alichokiona ni sare za watoto zimetawanyika barabarani, akawaza kwamba zitabidi zifuliwe.

Hospitalini walimtia chuma mguuni. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mara mbili na vidole vyake viwili havikuokolewa. Alilazwa kwenye wadi ya wanawake. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa mtaa wa Soweto West aitwaye Risper, ambaye mfupa wake wa paja ulikuwa umeungana vibaya baada ya ajali ya miaka miwili nyuma, na sasa amerudi uvunjwe uungwe upya.

Lenah hajakaa wadini hata wiki, akaja kijana mmoja amevaa tai ya maua, jina lake Billy. Alitembea kati ya vitanda kama mtu wa nyumbani, akiwaamkia wauguzi kwa majina.

"Mambo, mathe. Pole sana kwa yaliyokupata," alimwambia Lenah, akivuta kiti. "Usijali. Wewe utalipwa. Kuna wakili wetu mkubwa sana mjini, yeye kazi yake ni hizi ajali tu. Weka sahihi hapa, mambo mengine yote tuachie sisi."

"Jina langu umelijulia wapi?" Lenah aliuliza.

Billy alicheka. "Hiyo ni kazi yetu, mathe."

"Na huyo wakili anaitwa nani?"

"Ukishaweka sahihi utamjua."

"Kwa nini nisimjue kwanza?"

"Mathe, wewe una maswali kama polisi."

"Polisi hawajaniuliza hata moja," Lenah akasema. "Ndiyo maana nashangaa wewe umefika kabla yao."

Billy aliziacha karatasi zake juu ya blanketi, akasema atarudi kesho. Jioni Wekulo alipokuja na chupa ya uji alizikuta pale, akazigeuzageuza. Alikuwa amechoka. Tangu mkewe alazwe alikuwa akipika, akiwapeleka watoto kwa jirani na kufanya kazi ya watu ya haraka haraka.

"Si uweke tu sahihi, Mama Elvis," alisema. "Hawa watu wanazijua hizi njia. Sisi tutajulia wapi mambo ya wakili?"

"Tutauliza."

"Tutamuuliza nani? Wakili mimi sijawahi kumuona hata mmoja."

Ni hapo Risper, aliyekuwa amelala akitazama dari, alipoingilia. "Baba Elvis, mimi nilimwekea huyo kijana sahihi. Nilikuwa nimelazwa kitanda kile pale, karibu na dirisha. Mpaka leo huyo wakili sijamuona sura. Ndugu yangu mmoja anafagia ofisi za bima, ndiye aliniambia kesi yangu iliisha kitambo, na kitu kililipwa. Kililipwa nani, mimi sijui."

Wekulo alizirudisha karatasi juu ya blanketi. Lenah alimgeukia Risper na kumuuliza: hukuitwa kortini hata siku moja? Hukuulizwa ulivyogongwa? Kesi inaweza kuisha bila mwenyewe?  Lenah alitwambia kwamba usiku ule hakufikiria mguu. Alifikiria lile swali la mwisho. Ilikuwaje mtu afanyiwe kesi, na kesi iishe, na yeye yuko nyumbani anachambua dagaa?

Billy aliporudi, alikuta karatasi zake zimekunjwa vizuri, bila sahihi, zinamngoja.

Alipotoka hospitalini, Lenah hakuweza kurudi Lindi. Njia ya kwetu inateremka, ina mitaro ya kurukwa, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anashika ukuta. Trizah alimchukua kwake Kawangware, chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, mahali tambarare. Wekulo na watoto walikuja Jumapili baada ya kanisa. Sisi nasi tulikuja kwa zamu na viazi.

Huko ndiko alikoanza kumtafuta wakili. Kwanza alimuuliza mchungaji, naye akamuelekeza kwa mwana wa muumini mmoja aliyekuwa wakili. Kijana huyo alikuwa mstaarabu, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia yeye hufanya mambo ya mashamba tu, na mtu wa mashamba akishika kesi ya ajali anaweza kuharibu. Lenah alimshukuru kwa kusema ukweli. Wa pili, ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne na lifti haikuwa ikifanya kazi. Lenah alipanda ngazi zile kwa magongo, Trizah nyuma yake amenyoosha mikono kama anayefukuza kuku. Walipofika juu, karani wa wakili aliwaambia kuna malipo ya kumuona tu, kabla wakili hajafungua mdomo. Wakateremka.

"Dada, turudi nyumbani," Trizah alisema walipofika chini. "Utavunja na huu mwingine."

Walikuwa karibu na jengo la korti. Lenah aliketi kwenye ngazi za nje apumzike, akawatazama watu wakiingia: wenye suti, wenye kandambili, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Askari alikuwa amesimama mlangoni.

"Afande," Lenah alimuita. "Hawa wote wana kesi?"

"Wengine wana kesi. Wengine wamekuja kusikiliza tu."

"Mtu anaruhusiwa kusikiliza kesi ya mwenzake?"

"Ni korti ya wazi, mama. Ukinyamaza na kukaa vizuri, hakuna atakayekufukuza."

"Na za ajali ziko chumba gani?"

Askari alimtazama mguu, akamuonyesha kwa kidole.

Trizah hakuamini alichokuwa akikiona. Dadake alijinyanyua kwa magongo, akaingia ndani, akatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma kana kwamba ameingia kanisani. Alitarajia kuona nywele zile nyeupe za bandia, kama za majaji kwenye picha za magazeti. Hakuziona. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, akiandika kila kitu kwa mkono, na alipotaka shahidi anyamaze aliinua kalamu tu. Kiingereza kilikuwa kingi. Lakini shahidi asiyekijua aliongea Kiswahili na karani akatafsiri, hivyo Lenah akashika nusu, na nusu nyingine akaisoma kwenye nyuso za watu.

Alirudi kesho yake. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Trizah alimsindikiza mwanzoni, baadaye akachoka akawa anampandisha gari tu asubuhi. Wekulo aliposikia, alikuja Kawangware siku ya kazi.

"Mama Elvis, watu wanatafuta wakili. Wewe unatafuta nini huko kila siku?"

"Na mimi wakili ndiye ninayemtafuta," Lenah alisema. "Wewe ukitaka mbao, unaambiwa tu kuna mbao nzuri mahali, unalipa? Si unaenda kuzitazama kwanza?"

Wekulo akavuta kigoda. "Haya," akasema. "Umeona nini?"

Akamsimulia. Kulikuwa na wakili mrefu, koti lake limeshonwa vizuri mno, kola imelala kama imepigwa pasi mwilini. Alipozungumza, watu wa benchi la nyuma walitikisa vichwa hata wale wasioelewa. Lenah alimpenda siku mbili. Siku ya tatu alimsikia akimwambia hakimu juu ya mkono wa kushoto wa mteja wake, na mteja amekaa pale mkono wa kulia umefungwa shingoni. Mteja alijaribu kumvuta koti, wakili akamuondoa mkono bila kumtazama. Kulikuwa na mwingine aliyekuja kila siku kuomba kesi isogezwe mbele. Mwingine alikuwa mzuri kweli, mwenye maswali makali, ila baadaye Lenah alimuona mlangoni na Billy, wakizungumza kama marafiki, akamfuta.

Kisha kulikuwa na mama mmoja mfupi, wa makamo, jina lake Wakarima. Siku moja alimtetea mzee aitwaye Walubengo, fundi wa mawe aliyekuwa ameanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga baada ya ubao wa kusimamia kuvunjika. Kabla hakimu hajaingia, Wakarima aliketi benchi moja na mzee akamueleza kwa Kiswahili chepesi: huyu atakaa hapa, yule atakuuliza hivi, usipoelewa sema hujaelewa, si aibu. Mzee alipoanza kuulizwa na akaonekana kuyumba, Wakarima alisimama akaomba atafutiwe mtu wa kumtafsiria kwa Kibukusu. Upande wa pili ulinung'unika kwamba ni kupoteza wakati. Hakimu alikubali.

Mzee alishindwa. Hukumu ilisomwa Lenah akiwa palepale, wiki kadhaa baada ya kusikilizwa. Hakuna aliyemuona akianguka. Wenzake wote waliogopa kupoteza kibarua. Hakimu akasema madai hayakuthibitishwa.

"Mawakili wengine wakishindwa wanatoka mbio," Lenah alimwambia mumewe. "Huyu alikaa nje na mzee. Akamfafanulia maana ya kushindwa, kwamba anaweza kukata rufaa, na kwamba rufaa bila shahidi ina ugumu gani. Mzee aliuliza jambo lilelile mara tatu. Akajibiwa mara tatu."

Wekulo akajikuna kidevu. "Kwa hivyo umemchagua nani?"

"Huyo."

"Huyo aliyeshindwa?"

"Huyo."

Alimkuta Wakarima koridoni siku iliyofuata, amekumbatia mafaili. Hakujua jinsi ya kumuanza, akaanza na kile kilichokuwa moyoni.

"Samahani, wakili. Ile kesi ya mzee wa kuanguka, mbona ulishindwa?"

Wakarima alisimama. Lenah alitwambia kwamba kwa muda mfupi alidhani ameharibu. Yule mama alimtazama usoni, akayatazama magongo, kisha akayaweka mafaili juu ya benchi.

"Nilishindwa kwa sababu sikuwa na mtu aliyeona," alisema. "Niliwatafuta, wakaniahidi, siku yenyewe hawakuja. Nilijua kesi ni dhaifu. Nilimwambia mzee mapema, naye akasema anataka isikilizwe hata hivyo. Wewe ni jamaa yake?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Natafuta wakili."

"Umekuwa ukisikiliza tangu lini?"

"Tangu nilipoweza kupanda gari."

Wakarima alicheka kidogo, akaketi, akaligonga benchi kwa kiganja ili Lenah naye aketi. Walizungumza mpaka karani alipopita kufunga mlango. Lenah aliuliza yote. Nani anashtakiwa, dereva au mwenye lori? Wote wawili, Wakarima akamwambia, maana dereva alikuwa kazini kwa tajiri wake. Na bima inaingilia wapi? Inalipa kwa niaba ya mwenye gari, ikiwa gari lilikuwa na bima siku ile, na hilo litaonekana kwenye taarifa ya polisi, ambayo ni haki yake kuichukua kituoni. Kuna muda wa mwisho? Miaka mitatu tangu ajali, ukipita mlango umefungwa. Na wewe unalipwaje, tutagawana? Hapana, Wakarima akasema, sheria haimruhusu wakili kugawana na mteja fidia yake. Angemtoza kidogo cha kufungulia faili, na ada yake nyingine ingengoja mwisho na ingeandikwa wazi. Wakishindwa, huenda wakatakiwa kulipa gharama za upande wa pili. Hilo alimwambia mara mbili, alitaka alifikirie akiwa nyumbani.

"Na kitu kimoja zaidi," Wakarima alisema akiokota mafaili yake. "Nani alikuona ukigongwa?"

Soko zima lilikuwa limemuona. Lakini soko zima si mtu. Lenah alirudi Kawangware, na kwa magongo yake akaanza kutembea Barabara ya Naivasha akiuliza. Wauza nyanya walimkumbuka, wakampa pole na nyanya, ila kila mmoja alikuwa ameangalia upande mwingine. Mwishowe alimfikia Jeconia, fundi wa viatu aliyekaa kona ya lile duka la mabati chini ya mwavuli uliotiwa viraka.

"Mimi nilikuona," Jeconia alisema bila kuinua macho kutoka kwenye soli. "Na nililiona lori. Lakini kortini siendi."

"Kwa nini?"

"Nikienda wataniuliza kazi naifanyia wapi. Nitasema hapa. Wataniuliza leseni ya kukaa hapa iko wapi. Halafu wewe utalipwa, mimi askari wa jiji, hao kanjo, watakuja kuchukua sindano zangu."

Lenah hakumsukuma. Alimuuliza tu kama hilo linaweza kutokea kweli, na Jeconia akasema hajui, ila anaogopa. Basi siku nyingine alirudi naye Wakarima akiwa amevaa viatu vya kawaida, na wakaketi wote watatu kwenye vigogo. Wakarima hakumwahidi kwamba hataulizwa. Alisema anaweza kuulizwa, na akiulizwa ajibu ukweli, na yeye atasimama kupinga. Jeconia aliwaza, akashona, akawaza.

"Hiyo siku nitafunga kazi?" aliuliza.

"Siku hiyo moja tu," Wakarima alisema.

"Haya."

Kesi ilichukua muda, kama Lenah alivyokwisha kuona kwa wengine. Ilisogezwa mbele mara kadhaa: mara faili haionekani, mara wakili wa upande wa pili ni mgonjwa. Wekulo aliudhika kila mara. Lenah hakushangaa. Alijua hata sura za makarani, na alijua yupi ukimuuliza kwa upole atakutafutia faili.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, mwaka wa 1996 ukiwa katikati, sisi watu wa ploti tulijaza benchi la nyuma. Lenah alipanda kizimbani kwa fimbo moja. Wakili wa bima alimuuliza kama ni kweli aliteremka barabarani. Akasema ni kweli. Alimuuliza kama aliliona lori kabla halijarudi nyuma. Akasema aliliona. Kama alijua malori hurudi nyuma. Akafikiri, kisha akasema anajua, lakini siku ile hakulifikiria hilo; alifikiria mkokoteni. Wekulo alishika kichwa. Tulipotoka alimuuliza mbona hakujitetea, naye akajibu kwamba swali lilikuwa zuri.

Jeconia aliulizwa kuhusu leseni, kama alivyoogopa.

"Sina," alisema, na sauti yake ikashuka.

Wakarima alikuwa amekwisha kusimama, lakini hakimu alimtangulia kwa kuinua kalamu. "Hilo linahusiana vipi na lori?" akamuuliza wakili wa bima, naye akaliacha.

Kisha alikuja dereva, Muema, mtu mwembamba aliyezungusha kofia mikononi. Tajiri wake, Kihara, mwenye lori, alikaa mbele akimtazama. Wakarima alimuuliza maswali madogo madogo: lori lina urefu gani, kioo cha upande kinaonyesha wapi. Halafu akamuuliza ni nani aliyekuwa nyuma kumuelekeza alipokuwa akirudi nyuma.

 Muema aliitazama kofia.

"Tanboi, msaidizi wangu," alisema.

"Alikuwa amesimama wapi?"

"Alikuwa," Muema alianza, akamtazama Kihara, akamtazama Lenah. "Alikuwa ameingia dukani kuuliza mawe yateremshwe wapi. Nyuma hakukuwa na mtu."

Koridoni baadaye, tulimuona Lenah akimfuata Muema kwa fimbo yake. Tulidhani anakwenda kumtupia maneno. Muema mwenyewe alidhani hivyo, maana alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Lenah alimwambia. "Nilipopiga kelele, ulinisikia?"

"Nilisikia kelele, mama," Muema alisema. "Lakini pale watu hupiga kelele siku nzima. Wengine huniambia njoo, njoo. Nilidhani ni hizo. Niliposikia za pili, za watu wengi, ndipo nikajua." Akameza mate. "Na nikaogopa, nikarudisha gari mbele. Sikujua kama hiyo ni kukukanyaga tena."

Lenah alijiegemeza kwenye fimbo yake. Tangu ajali, alitwambia, alikuwa akiamini kwamba mtu yule alimsikia akaendelea. Sasa alijua. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumwambia hakumsamehe. Alimuuliza kama bado anaendesha, Muema akasema baada ya leo hajui.

Hukumu ilisomwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Hakimu alisema dereva na tajiri wake ndio wenye kosa, kwa kurudi nyuma bila mtu wa kuelekeza. Akasema pia kwamba Lenah, kwa kusimama nyuma ya lori barabarani, alichangia sehemu ndogo ya ajali, na sehemu hiyo ikakatwa kwenye fidia yake. Wekulo alisema huo ni uonevu. Lenah alimuomba Wakarima amsomee hukumu yote kwa Kiswahili, si mwisho wake tu, na mchana mmoja wakaketi ofisini kwake, iliyokuwa ghorofa ya chini, ukurasa kwa ukurasa. Walipofika pale palipomlaumu yeye, Lenah alimwambia aparudie. Wakarima akaparudia.

"Ni sawa," Lenah alisema baadaye. "Si tamu, lakini ni sawa. Endelea."

Bima ilichelewa kulipa, ikaandikiwa, ikachelewa tena, ikalipa. Wakarima aliandika ada yake kama alivyosema, akamuonyesha. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikwenda kwenye upasuaji mwingine na karo ya Elvis, na kwa iliyosalia Lenah akakodi kibanda cha mbele pale Kawangware, hatua chache kutoka kwa Trizah, mahali palipo tambarare. Wekulo alilalamika kuacha wateja wake wa Lindi kwa miezi, kisha siku moja akaja na mkokoteni umebeba benchi lake la kurandia.

Lori lile liliendelea kuonekana Barabara ya Naivasha, na dereva mwingine. Muema tulisikia amerudi kwao Machakos. Jeconia hakuguswa na kanjo, angalau si kwa sababu ya kesi ile.

Mguu wa kulia wa Lenah haukurudi kuwa na nguvu ya kukanyaga cherehani. Watu walimshauri anunue ya mkono. Alikataa, akasema mkono mmoja ukizungusha, kitambaa kitashikwa na nani? Alijifunza upya kwa mguu wa kushoto peke yake, akiuweka huu mwingine juu ya kigogo. Sare za kwanza zilitoka na mishono iliyopinda, akazifumua zote akaanza tena, na muhula ulipofunguliwa watoto wa chekechea walivaa za mara ya pili.